Papai, nanasi au ukwaju? Mishkaki na samaki wa mkaa, wapishi njooni hapa

Mama Mapacha Kimara

Wadau habari za jioni. Mwisho wa mwezi mdogo wangu anafanyiwa sendofu na kesho yake familia tunabaki nyumbani kula na kupumzika, sasa jiko la mkaa wamenibebesha mimi. Nimepanga mishkaki ya ng'ombe, kuku kidogo na samaki, yaani changu wazima na vipande vya nguru. Fileti kwa bei za sasa siiwezi kwa watu wote hao kwahiyo ntachukua steki ya kawaida buchani na mnazijua steki zetu, unatafuna mpaka taya linauma.

Mama mkwe kasema papai bichi ndo dawa. Shemeji kasema achana na papai weka nanasi, linalainisha na utamu juu. Jirani yangu yeye anachemsha juisi ya machungwa na asali halafu anapaka kuku akiwa motoni, anang'aa huyo kuku mpaka unatamani kumpiga picha. Kila mtu anasema ya kwake ndo sahihi na mimi katikati sijui nimsikilize nani. Naomba kujua tunda gani linaenda na nyama gani, likae muda gani kabla ya kuchoma, na hiyo ya kupaka inapakwa wakati gani isije ikawa nje mkaa ndani damu. Na samaki je, naweza kuwatumbukiza humohumo kwenye mchanganyiko wa nyama nisihangaike mara mbili? Friji yangu ndogo, hilo nalo mlijue.

Mzee wa Makaa

Mama Mapacha, hao watatu wote wako sahihi ila kila mmoja anaongelea kazi yake, ndo maana hamuelewani hapo nyumbani. Kuna tunda la kulainisha, kuna tunda la ladha, kuna tunda la kupaka. Ukichukua moja ukalipa kazi zote tatu ndo unapata mishkaki inayodondoka kwenye kijiti kabla haijafika kwenye sahani.

Mi nauza mishkaki, kila jioni niko kwenye wavu, nakwambia ninavyofanya. Papai liwe la kijani kabisa, lile ukilikwaruza na kucha linatoa utomvu mweupe. Likishaanza kuwa na rangi ndani nguvu imepungua sana, hilo kula na watoto. Nasaga pamoja na ganda maana utomvu mwingi uko kwenye ganda. Kilo moja ya steki kijiko kikubwa kimoja kinatosha, viwili kama nyama ni ya ng'ombe mzee. Hapa ndo watu wengi wanapoharibu, wanaona si tunda tu halina neno, wanamimina nusu jagi la blenda na kulaza mpaka asubuhi, asubuhi nyama ukiishika inaachia kwenye vidole kama uji mzito. Vipande vya mishkaki ni vidogo, masaa mawili matatu basi. Ukitaka nyama ilale usiku kucha ilaze na viungo bila papai, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, binzari nyembamba, chumvi na mafuta kidogo, halafu papai unaongeza mchana wa kuchoma. Papai bichi lenyewe halina ladha ya maana na huo ndo uzuri wake, linafanya kazi na hakuna anayejua lilikuwepo.

Nanasi la shemeji linalainisha kweli ila lina maji na sukari. Maji yakiwa mengi nyama inatokota badala ya kuchomeka, na sukari inaungua mapema. Mi nanasi naliweka kwenye kijiti chenyewe, kipande cha nyama kipande cha nanasi, linachomeka pembeni yake. Wale wanaokula kitimoto, yaani nguruwe, watanielewa, nanasi na mafuta ya kitimoto vinapendana sana, kwa ng'ombe kawaida tu. Ukipata yale ya Kiwangwa yaliyoiva vizuri huhitaji kuongeza kitu.

Kaka Chumvi

Nyama choma ni chumvi na moto. Haya mengine yote ni kuficha nyama mbaya. Huku Arusha mbavu za mbuzi zinapigwa chumvi, zinakaa motoni taratibu, ndimu na pilipili pembeni, hakuna saladi ya matunda hapo.

Mzee wa Makaa

@Kaka Chumvi mbavu za mbuzi sawa kabisa sibishi. Pande kubwa linakaa mbali na moto muda mrefu, linalainika lenyewe. Mishkaki inakaa motoni dakika kumi, steki ngumu italainika saa ngapi? Vitu viwili tofauti hivyo. Na yeye kasema wazi fileti haiwezi, sasa unataka ale taya lake.

Yakhe wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Kwetu Mombasa mishkaki bila papai haijakuwa mishkaki, hapo hatuna mjadala. Lakini nyote mwaongea kulainisha mwasahau ukwaju jamani, na ukwaju ndio unaomfanya mtu arudi kwenye meko.

Dada sikiza. Chukua ukwaju robo kilo, tia maji moto yaufunike, uache mpaka upoe, kisha ufinyange kwa mkono na uchuje kokwa na nyuzi zote zitoke. Lile rojo watia sufuriani na sukari, mimi hupenda sukari guru maana yapata rangi, watia chumvi, pilipili ya unga, thomu (kitunguu saumu) iliyopondwa, uzile (binzari nyembamba) uliokaangwa ukasagwa. Wachemsha moto mdogo huku wakoroga mpaka likipakwa mgongoni mwa kijiko lisitiririke. Ukishaonja midomo ijikunje kidogo halafu utamu uje nyuma, hapo liko sawa. Ukiona utamu watangulia ongeza ukwaju.

Ligawe mara mbili tangu mwanzo. Bakuli moja la kupaka nyama ikiwa motoni, jengine la mezani watu wachovye. Brashi ikishagusa nyama mbichi ikarudi bakulini, lile bakuli haliendi mezani tena mpaka lichemshwe upya, watu wengi hawajali hili na ndio matumbo yanapochafuka wakasingizia maji.

Na usipikie sufuria ya alumini, tumia stili au chungu. Ukwaju ni mkali, waila sufuria na rojo lachukua ladha ya chuma. Hata kuroweka nyama na ndimu ni hivyo hivyo, bakuli la plastiki au la glasi.

Kuku pia namroweka kwa huo huo ukwaju ukiwa mwepesi, kabla ya kutiwa sukari, na tangawizi na mtindi kijiko. Papai kwa kuku wa kizungu sioni haja, yuashalainika tayari. Kuku wa kienyeji ndiye ahitaji, na yeye mimi humchemsha kwanza nusu.

Sayansi ya Jikoni

Nimesomea mambo ya chakula kwahiyo niwaongezee kidogo kwanini haya yanatokea, ukijua sababu unaweza kubadilisha mwenyewe.

Papai bichi na nanasi bichi, yaani ambalo halijapitishwa kwenye moto, vina vimeng'enya vinavyokata protini. Cha papai kinaitwa papeini, cha nanasi bromeleini. Kiwi nalo lina cha kwake, ila huku kwetu kiwi bei yake mnaijua. Hivi vimeng'enya havichagui, vinakata nyuzi ngumu na vinakata nyama yenyewe, ndo maana ukizidisha muda nyama inakuwa bwabwa. Halafu kuna kitu watu hawajui, papeini haizimiki pale unapowasha moto, inachapa kazi zaidi nyama inapopata joto, mpaka ifike kwenye sentigredi 70 na kupanda huko ndo inaanza kufa. Kwahiyo mishkaki ya papai iweke kwenye moto mkali ipite hapo haraka, usiiache inapata joto la uvuguvugu pembeni ya jiko nusu saa ukisubiri wageni.

Moto ndo unaoua vimeng'enya, kwahiyo nanasi la kopo au juisi ya boksi hailainishi chochote maana imeshapitishwa kwenye moto kiwandani. Mnaopika jeli nyumbani mnajua, ukiweka nanasi bichi jeli haigandi, ukiweka la kopo inaganda, sababu ni hiyohiyo. Shemeji akija na nanasi la kopo mwambie hapo kaleta utamu tu.

Ndimu, limau, ukwaju, chungwa hivi ni asidi, havikati nyuzi kama papai. Asidi inabadilisha ngozi ya juu ya nyama, kidogo inasaidia, ikikaa sana nyama inakauka na kukakamaa. Na msidanganyane kwamba viungo vinaingia mpaka katikati. Vingi vinaishia milimita chache za juu, kinachozama ndani kweli ni chumvi. Ndo maana mishkaki inakolea kuliko paja zima, vipande ni vidogo pande zote ni juu. Ukitaka paja la kuku likolee lichanje mpaka karibu na mfupa.

Friji ndogo: usiroweke nyama juu ya meza masaa matatu na joto la Dar, bakteria wanazaliana. Tafuta beseni kubwa jaza barafu, weka mabakuli yako yaliyofunikwa humo, kuku chini kabisa asidondoshee wengine. Na wenye mzio wa raba, zile glovu za mpira, wawe makini na papai na kiwi maana wengine miili yao inavikataa vyote, uliza wageni.

Pasheni Tamu

Mbona hakuna aliyetaja pasheni? Toa mbegu, chemsha na sukari kidogo na pilipili kichaa moja nzima usiipasue, ikipungua nusu paka kuku. Inakuwa na harufu ambayo chungwa haina. Mbegu chache unaweza kuziacha kwa urembo.

Kaka Chumvi

Urembo kwenye kuku 😂😂 haya.

Muscat Kwetu

Hodi jamani. Huku Omani tunayo moja ambayo hapo nyumbani naona imesahaulika, ndimu kavu. Ndimu zinachemshwa kwenye maji ya chumvi halafu zinaanikwa juani mpaka zinakuwa nyepesi, nje kahawia ndani nyeusi tititi. Unaipasua, unatoa mbegu maana ndo chungu, unasaga ganda na nyama yake kuwa unga. Ukichanganya na chumvi, thomu, pilipili manga na binzari ukampaka nguru, anakuwa na ukali wa ndimu lakini hana maji, kwahiyo kwenye wavu hagandi ovyo. Nguru wa kuchoma na wali wa ndimu ni chakula kikubwa sana huku, wanakiita mashuai.

Na kwa kupaka huku kuna asali ya tende, ile nyeusi nzito. Mbuzi au kuku wakipakwa dakika za mwisho ikachanganywa na maji ya ndimu na pilipili, sijui niseme nini. Ila ni sukari tupu hiyo, ukigeuka kumsalimia mtu imeungua.

Mama Mapacha Kimara

Aisee asanteni sana, nyama sasa nimeelewa, papai kijiko kwa kilo masaa mawili, ukwaju wa kupaka na wa mezani, nanasi kwenye kijiti ili shemeji naye asinune. Bado samaki hamjanijibu, papai wapate na wao au? Na ile ya machungwa ya jirani bado naitaka jamani, mimi ndo nilimwona yule kuku.

Bi Mkubwa Ng'ambo

Mwanangu usije ukamtia samaki papai hata kwa bahati mbaya. Samaki keshakuwa laini alivyoumbwa, hana mishipa ya kukatwa, ukimtia papai umemfanya tope. Nanasi bichi ni hivyo hivyo. Na usimtie kwenye maji ya nyama, kila kitu na chombo chake.

Ntakueleza tunavyofanya sie Unguja. Changu umtoe magamba na matumbo, umchanje pande zote mbili mpaka ukaribie mwiba, chumvi, thomu na tangawizi zilizopondwa, pilipili, ndimu moja kwa samaki wa sahani moja. Akae dakika ishirini, nusu saa ikizidi sana. Akikaa masaa na ndimu utamuona keshakuwa mweupe kama aliyepikwa, na akienda motoni anakauka anavunjika vunjika. Wapo wenzetu wa Peru wanamla hivyo hivyo kwa ndimu bila moto, wanamwita seviche, lakini mie ntakwambia ndimu haiui minyoo wala haiui kila kijidudu, samaki wa mkaa mchome aive.

Vipande vya nguru ndo uangalie zaidi, nyama yake kavu. Vikate vinene upana wa vidole viwili, uvipake mafuta na wavu nao uupake mafuta, wavu uwe umeshapata moto kwanza ndo uweke samaki, hatogandia. Usimgeuze geuze. Akiwa tayari anaachia wavu mwenyewe.

Sasa cha kupaka. Chukua tui la kwanza zito, kikombe kimoja kwa changu wawili, lichemshe na thomu, tangawizi, bizari ya mchuzi, pilipili mbichi iliyosagwa na chumvi, ukoroge lisikatike. Likishakuwa zito ndo utie ukwaju uliochujwa, vijiko viwili vitatu, uonje. Ukitia ukwaju mwanzo tui linaweza kukatika. Kama msimu wa embe umeingia mie napara embe bichi changa nalitia badala ya ukwaju, linampa samaki uchachu wenye harufu, na mbirimbi pia zinafaa ukizipata, zinakatwa nyembamba zinachemka humo humo. Samaki akishaiva pande zote mbili unampaka upande mmoja, unamrudisha motoni kidogo ukauke, unageuza, unapaka mwengine. Mara mbili mara tatu. Huyo ndo samaki wa kupaka, na tui halina sukari nyingi kwahiyo haliungui haraka kama hizo asali zenu.

Embe bivu usimtie wakati wa kuroweka, hamna linalofanya. Likate dogo dogo na kitunguu, pilipili, chumvi na ndimu uweke pembeni ya sahani.

Mzee wa Makaa

Bi Mkubwa kamaliza samaki, mimi siongezi neno. Nijibu ya machungwa basi.

Kamua machungwa kama kumi, yawe machachu kidogo, yale ya Muheza yakiwa bado na ganda la kijani mazuri. Chuja, weka kwenye sufuria ya stili, chemsha bila kufunika mpaka ibaki kama theluthi. Usiwe na haraka na usiwe unaongeza unga wa mahindi ili iwe nzito, inakuwa uji unaong'aa halafu haishiki kwenye ngozi. Ikishapungua tia asali vijiko vitatu, kipande cha tangawizi, chumvi, pilipili, na maji ya ndimu mwishoni kabisa kwasababu chungwa likichemka sana linapoteza ile harufu yake ya ubichi. Ukitaka paraza ganda la chungwa kidogo, ile rangi ya juu tu, sehemu nyeupe chungu.

Siri ya jirani yako haiko kwenye sosi iko kwenye muda. Sukari ya matunda inaanza kubadilika rangi mapema kuliko hata sukari ya kawaida, na moto wa mkaa ni mkali mno kwake. Kuku achomwe mpaka aive kabisa bila kupakwa chochote zaidi ya viungo na mafuta. Akishaiva, sogeza makaa upande mmoja, kuku aende upande usio na makaa chini, hapo ndo unapaka. Geuza, paka tena, dakika mbili, geuza, paka. Kama dakika tano jumla anatoka. Ukiona matone yanadondokea kwenye makaa na moto unawaka juu, mtoe kwanza, usimwagie maji, majivu yatamrukia.

Sayansi ya Jikoni

Nakazia hapo kwa kuku. Rangi ya nje ya sosi yenye sukari inadanganya, anaonekana kaiva kumbe ngozi ndo imeungua. Mwenye kipimajoto kuku afike 74 kwenye sehemu nene karibu na mfupa, samaki 63. Asiye nacho achome kisu kwenye kiungo cha paja, maji yatoke meupe.

Mama Mapacha Kimara

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho, ukwaju naweza kupika siku mbili kabla? Siku yenyewe ntakuwa na mambo mengi. Na vijiti vya mianzi vinaniungulia ncha, au ninunue vya chuma?

Yakhe wa Kibokoni

Pika hata wiki kabla. Ukipoa tia chupa ya glasi iliyokauka, kijiko cha maji kisiingie, weka friji. Siku hiyo utakuwa umeganda mzito, uregeze na maji moto kidogo na uonje chumvi tena.

Vijiti vya mianzi virowe maji nusu saa, na nyama ijae mpaka karibu na ncha, usiache mbao tupu juu ya makaa. Vya chuma ni vizuri vikiwa bapa, vile vya mviringo ukigeuza kijiti nyama yabaki palepale. Na usiibane nyama sana kwenye kijiti, katikati itabaki mbichi.

Mzee wa Makaa

Ukwaju pika siku mbili kabla, papai usisage siku mbili kabla. Saga siku hiyohiyo.